Anayetoa Anywe Kwanza: Pombe ya Ndizi na Waamuzi Wake Buhaya

Ukitoka mjini Bukoba na kulipa mgongo Ziwa Viktoria, punde si punde maduka yanakwisha na migomba inaanza. Kitendaguro ni mojawapo ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba, lakini sehemu yake kubwa bado ni vibanja: nyumba katikati, migomba pande zote, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni. Mwambao huu hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto lake ni la wastani, nyuzi 20 na ushee. Ni nchi ya ndizi, na kwa hiyo ni nchi ya pombe ya ndizi, ile ambayo Wahaya huiita olubisi na Watanzania wengine wameizoea kwa jina la rubisi.

Kila rubisi inapopikwa, kuna mtu anayeitia ulimini kabla ya wengine na kusema kama inafaa au haifai. Historia ya pombe mara nyingi huandikwa kwa kufuata kodi, sheria na ulevi. Hii inamfuata mwonjaji: alikuwa nani enzi za wafalme, serikali zilizofuata zilimpokonya nini, na kazi yake imebaki mikononi mwa nani leo.

Kinachoonjwa

Wahaya hawapiki pombe kwa ndizi yoyote. Katika ukoo wa ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambao Buhaya, nchi ya Wahaya, ni mojawapo ya ngome zake, kuna ndizi za kupika na kuna ndizi za pombe, na machoni pa mgeni mikungu yake hufanana mno. Za pombe, embire, zina chembechembe za tanini ndani ya nyama yake. Ukizipika kama matoke utapata chakula chenye ukakasi unaokausha ulimi hadi kooni, ndiyo maana mwenye kibanja hujua kila mgomba uko wapi na kazi yake ni ipi. Ukakasi huohuo unaoharibu chungu cha chakula ndio unaotafutwa kwenye pombe. Pasipo huo, maji ya ndizi mbivu ni utamu mtupu, na utamu mtupu hukinaisha kabla kikombe cha kwanza hakijaisha.

Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa lakini bado ni wa kijani. Kisha ndizi huvundikwa. Shimo huchimbwa kibanjani, moto huwashwa ndani yake hadi udongo upate joto, majani ya mgomba hutandikwa, mikungu hupangwa, halafu vyote hufunikwa kwa majani na udongo. Wengine huzipanga kwenye dari juu ya meko, moshi na joto la jikoni vikafanya kazi ileile. Baada ya siku nne hadi sita, kutegemea joto na mvua, ndizi zote zimeiva kwa pamoja, jambo ambalo mgomba wenyewe hauwezi kulifanya.

Ndizi zikishamenywa humwagwa katika gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi wa ziwani, zikachanganywa na nyasi ndefu, na wanaume wakaingia kukanyaga. Kwa desturi kazi hii ni yao. Nyasi hushika nyama ya ndizi na kuacha maji yatoke. Mkanyagaji mzuri hujua kwa nyayo kwamba bonge limeachia. Maji huongezwa kwa kiasi, halafu huchujwa. Kinachotoka hapo ni kinywaji kitamu kisicho na kilevi, na watoto wa nyumba hiyo husogea na vikombe vyao bila kuitwa.

Jioni huja mtama. Umekaangwa mpaka ukawa na rangi ya kahawia, ukasagwa kwa mkwaruzo, na sasa unamwagwa juu ya maji ya ndizi. Mtama una kazi mbili. Husaidia maji kuchachuka na utamu kugeuka kilevi, na kwa kuwa umepitia moto, huacha rangi ya hudhurungi na uchungu wa kitu kilichoungua kidogo. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake, au keshokutwa kukiwa na baridi, kuna rubisi. Kilevi chake ni cha asilimia chache, hakiko mbali sana na bia ya chupa. Umri wake ni mfupi: siku mbili tatu, kisha uchachu unatawala na pombe inaelekea kuwa siki.

Anayeionja huanza na sikio. Kibuyu kikifunguliwa lazima kisikike kinachemka. Kilicho kimya ama hakijaanza au kimekwisha. Halafu huja jicho: rangi ya hudhurungi yenye ukungu kidogo, na povu linalosimama ukingoni. Pua hutafuta ndizi mbivu na nafaka iliyokaangwa kwa pamoja. Harufu ya siki ikitangulia, hukumu imeshatoka. Mdomoni, utamu unapaswa kufika kwanza, uchachu uufuate, na ukakasi ubaki mwisho kwenye shina la ulimi, ukimwita mnywaji arudie. Kosa linalosamehewa ni la pombe changa, yenye utamu uliozidi, kwa sababu kesho itakuwa imekomaa. Kosa lisilosamehewa ni maji mengi. Pombe iliyozidishwa maji huhesabiwa kuwa uchoyo wa mpishi, na uchoyo huo unamfuata mwenye nyumba hadi kwenye vikao vya jirani.

Ndimi mbili

Kabla ya ukoloni nchi hii ilikuwa na falme kadhaa, kila moja na Omukama, yaani mfalme, wake: Karagwe upande wa magharibi, Kiziba kaskazini, Ihangiro kusini ambako leo ni Muleba, na katikati Kyamtwara, Kianja, Bugabo na Bukara. Pombe ya ndizi ilipita katika kila uhusiano wa heshima. Posa ilikwenda na vibuyu, na mahari ilikamilika kwa pombe. Wahenga waliokufa walipata sehemu yao kwenye madhabahu ya nyumbani kabla walio hai hawajaketi kunywa. Na aliyepika alipaswa kupeleka kibuyu kwa wakubwa, kuanzia mkuu wa kijiji hadi kwenye kikale, jumba la Omukama.

Hapa ndipo mwonjaji anapoonekana waziwazi, na kwa kweli ni waonjaji wawili. Wa kwanza ni yule aliyeleta. Hakuna aliyekabidhi pombe kwa mgeni, mkwe au mtawala bila kunywa kidogo mbele yake. Kuonja huku kulikuwa ni dhamana: mtoaji aliutoa mwili wake uwe ushahidi kwamba kibuyu hakina sumu wala uchafu. Desturi hiyohiyo iliongoza kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mwenyeji huchukua moja kabla ya kumsogezea mgeni. Wa pili ni yule aliyepokea. Kuonja kwake kulikuwa ni hukumu. Yeye ndiye aliyesema kama pombe inastahili hadhi ya kikao, na neno lake lilipima zaidi ya kinywaji: lilimpima mpishi, kibanja chake na adabu ya nyumba yake.

Basi pombe njema ilihitaji ndimi mbili, ya anayetoa na ya anayepokea, na ndimi hizo zilikutana uso kwa uso juu ya kibuyu kimoja. Hadi leo mzee akikaribishwa kwa maneno, "Karibu tata (baba), nimeshaonja," anaweza kumjibu kijana kwa swali moja tu: "Umeonja leo au jana?" Si utani mtupu. Rubisi ya jana na ya leo ni pombe mbili tofauti, na dhamana ya jana imeshachacha.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliingia katika utaratibu huu bila kuuelewa wote. John Hanning Speke na James Grant walifika katika makao ya Rumanyika, Omukama wa Karagwe, mnamo Novemba 1861. Speke aliondoka mapema mwaka 1862 kuelekea Buganda. Grant, aliyekuwa anaugua mguu, alibaki hadi Aprili. Katika kitabu cha safari alichokitoa mwaka 1863, Speke anaitaja pombe mara kwa mara miongoni mwa mambo ya kawaida ya ikulu za nchi hizi, pamoja na maziwa na ng'ombe. Kwa mtawala kama Rumanyika, kumpelekea mgeni pombe kulikuwa ni lugha ya dola, na mgeni aliyekunywa alikuwa amekwisha kuijibu.

Shilingi haina ladha

Mwishoni mwa mwaka 1890 Emin Pasha, akiwa katika utumishi wa Wajerumani, alifungua kituo cha kijeshi kando ya ziwa, na hapo ndipo ulipoanzia mji wa Bukoba. Usimamizi wa kituo ulishikwa na Wilhelm Langheld. Mwaka 1892 Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, waliweka makao Kashozi, kaskazini mwa mji.

Mwaka uleule wa 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, uliozuia biashara ya pombe kali katika ukanda mkubwa wa Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Mkataba mwingine wa mwaka 1919, uliotiwa sahihi Saint-Germain, Ufaransa, uliendeleza makatazo hayo. Shabaha ilikuwa jini, ramu na brandi. Pombe za kienyeji za nafaka na ndizi ziliachwa ziendelee, lakini chini ya jicho la serikali. Waingereza walipoitwaa Tanganyika walileta leseni: mijini, pombe ya kuuza ilipaswa kuuzwa mahali palipopangwa na kwa saa zilizopangwa. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mwamuzi wa pombe ambaye hakuwa na haja ya kuionja. Alitazama karatasi.

Pigo kubwa zaidi lilikuja kimyakimya. Katika miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza ulianza kuwalipa watawala wa jadi mishahara, na ushuru wa asili uliokuwa ukitolewa kwa kazi na mazao ukageuzwa kuwa fedha. Kiutawala lilikuwa jambo la busara, kwani kibuyu hakihesabiki katika daftari la hazina. Lakini kibuyu kilichokwenda kikale kilikuwa kinaonjwa, na mpishi alijua kwamba kitaonjwa. Shilingi haina ladha. Aliyelipa shilingi alikuwa sawa na jirani yake aliyelipa shilingi, hata kama mmoja alipika rubisi ya kusifiwa na mwingine maji ya mtumbwi. Heshima iliendelea, vibuyu viliendelea kwenda kwa wakubwa, ila sasa kwa hiari. Mwaka 1963, Tanganyika ilipofuta mamlaka ya watemi na wafalme, ulimi wa Omukama ulipoteza hata kivuli cha amri uliokuwa nacho.

Mwonja pombe wa Kiingereza

Ajabu ni kwamba Waingereza hao walikuwa na historia ya namna hiyohiyo kwao. Sheria ya mkate na pombe ya karne ya 13, ambayo kwa kawaida huwekewa mwaka 1266, ilifunga bei ya pombe kwenye bei ya nafaka. Ili ifuatwe, miji iliteua waonja pombe. Kazi yao ilikuwa kuonja pipa jipya kabla halijauzwa, kukagua vipimo, na kumfikisha barazani mpishi aliyedanganya. Wapishi wengi wakati huo walikuwa wanawake waliopika majumbani. Mwaka 1556 mji wa Stratford ulimteua mtengeneza glavu aliyeitwa John Shakespeare kuwa mwonja pombe. Miaka minane baadaye alimpata mtoto wa kiume, William, ambaye dunia inamjua kwa tamthilia zake. Wapo wanaosimulia kwamba mwonja pombe alimwaga pombe kwenye benchi, akaikalia kwa suruali ya ngozi na kutazama kama itamganda. Hiyo ni hadithi ya kuchekesha tu. Walionja kwa mdomo.

Kutoka katika utamaduni huo ndiko ilikotoka bia chungu ya Kiingereza, bita. Uchungu wake haukutoka kwenye nafaka. Ulitoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaotambaa, ambao kilimo na matumizi yake Waingereza waliyapokea kutoka nchi za ng'ambo ya bahari, Uholanzi na Ubelgiji za leo, katika karne ya 15 na ya 16. Hopsi huzuia bia isiharibike upesi na kuukata utamu wa kimea cha shayiri. Mji wa Burton ulipata sifa kwa sababu maji ya visima vyake yana jasi nyingi, na maji hayo huufanya uchungu wa hopsi usikike mkavu na safi. Katika karne ya 19 bia za Burton zilisafirishwa hadi India.

Bita ya pipa ina undugu wa kweli na rubisi. Kilevi chake ni kidogo, mara nyingi kama asilimia 4. Inapofika baa bado ina chachu hai ndani ya pipa. Hunywewa ikiwa na ubaridi wa wastani, nyuzi 11 hadi 13, ubaridi wa chumba cha chini ya ardhi. Kibuyu kilichowekwa kwenye kona ya nyumba Kitendaguro kina joto zaidi ya hapo, lakini nacho hakijui friji. Na pipa likishafunguliwa, hewa huingia na ladha huanza kuporomoka baada ya siku tatu hivi. Kila upande mnywaji anafundishwa kuona thamani ya uchungu unaokuja mwisho, na kila upande baridi kali ya friji ingeufisha ulimi usiyasikie hayo.

Bia ya mtindo huo ilifika Afrika Mashariki kabla ya kupotea. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Nairobi pamoja na mwenzao H. A. Dowding. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia iliyoitwa Tusker ikabeba kumbukumbu ya mnyama huyo. Miaka ya mwanzo kiwanda kilipika kwa mtindo wa Kiingereza, kabla ya kugeukia laga, bia nyepesi ya baridi ambayo hatimaye iliteka soko lote la Afrika Mashariki. Dar es Salaam ilipata kiwanda chake, Tanganyika Breweries, mwaka 1933, na baada ya miaka michache kikaunganishwa na kile cha Nairobi. Kwa muda mrefu bia hiyo haikuwa ya kila mtu: nchini Kenya, Waafrika hawakuruhusiwa kununua bia ya chupa kihalali hadi mwaka 1947.

Kahawa, chupa na waliokataa

Buhaya ilikuwa na fedha ya kununua chupa mapema kuliko sehemu nyingi, kwa sababu ya kahawa. Wakulima wake walikuwa wamejipanga tangu miaka ya 1920 katika Bahaya Union. Mwaka 1937 walipambana na serikali juu ya kanuni za kilimo cha kahawa. Na mwaka 1950 ukaundwa ushirika wa Bukoba, BNCU, mzazi wa vyama vikuu vya ushirika vya mkoa huu. Bei ya kahawa ilipopanda miaka hiyo, bia ya chupa ikawa alama ya mtu aliyeuza vizuri. Katika harusi, kreti iliwekwa karibu na vibuyu. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake: chupa ilionyesha uwezo, kibuyu kilitimiza wajibu. Hakuna aliyeweza kumposa binti kwa kreti peke yake.

Chupa ilileta dhamana ya aina mpya. Kizibo kilichobana ndicho kilichoapa kwamba mtengenezaji amepima, na mhudumu akitaka kumheshimu mteja hukifungua mbele yake. Ishara ni ileile ya mtoaji kunywa kwanza, ila mwili wa mtu umetoka na bati limeingia. Ulimi wa pili, wa hukumu, nao ulilegea, kwa sababu chupa ya leo inafanana na ya jana, na hakuna cha kumhukumu mpishi ambaye humjui.

Pembeni kulikua kitu kingine. Rubisi ikikenekwa hutoa enkonyagi, gongo ya Buhaya. Ilikatazwa na serikali ya kikoloni, na Tanzania huru ikaitungia sheria ya pombe ya moshi katika miaka ya 1960. Enkonyagi haichachi. Inaweza kufichwa, kusafirishwa na kuuzwa kwa watu wasiojuana, na hapo ndipo hatari yake ilipo: ni kinywaji cha Buhaya ambacho si lazima mtoaji na mpokeaji waonane.

Na wapo walioitoa hukumu kwa kukataa kuonja kabisa. Waislamu wa Bukoba walikuwa nayo sheria yao. Miongoni mwa Walutheri, mwamko wa Balokole uliotoka Rwanda na Uganda uliingia Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, na aliyeokoka aliacha pombe mbele ya ushahidi wa wenzake. Josiah Kibira, aliyeguswa na mwamko huo akiwa kijana, alikuja kuwa askofu, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri la Dunia. Kwa familia za namna hiyo, maji ya ndizi yasiyochachuliwa yalichukua nafasi ya pombe katika sherehe. Mgeni bado alipewa kikombe, na mtoaji bado alionja kwanza.

Dola nayo iliendelea kuchukua nafasi ya ulimi. Mwaka 1967 serikali ilitwaa sehemu kubwa ya hisa za kiwanda cha bia. Mwaka 1968 ikatungwa sheria ya vileo iliyopanga leseni na saa za kuuza. Mwaka 1975 likaundwa Shirika la Viwango Tanzania. Mwaka 1993 kiwanda kiliingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini, na bia kama Balimi ikapata nyumbani katika Kanda ya Ziwa. Baadaye ulikuja utitiri wa viroba, pombe kali katika vifuko vya plastiki, vya bei ya chini na vya kuingia mfukoni mwa mwanafunzi. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017.

Mgomba unapobadilika

Wakati macho ya wengi yalikuwa kwenye chupa, ladha ya rubisi yenyewe ilikuwa inahamishwa kutoka shambani. Udongo wa vibanja ulichoka, ng'ombe wa kutoa mbolea walipungua, na fukusi pamoja na minyoo ya mizizi wakaangusha migomba. Kati ya 1997 na 2002 mradi wa maendeleo ya Kagera uliosaidiwa na Ubelgiji uligawa makumi ya maelfu ya miche ya aina ngeni inayostahimili, zikiwemo FHIA na Yangambi km5. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria ukathibitishwa mkoani, Muleba ikiwa miongoni mwa wilaya za mwanzo. Ugonjwa huo hupitia hata kwa wadudu wanaotembelea ua la mgomba, na wakulima wakafundishwa kuvunja kinana kwa kijiti cha panda badala ya kukikata kwa panga linalobeba maradhi.

Kwa mwonjaji, hayo si mambo ya bwana shamba peke yake. Ndizi ngeni kama kisubi hutoa maji mengi matamu, na zina nafasi yake katika mtumbwi, lakini hazina ukakasi wa embire. Zinapoongezeka, kazi yote ya kuleta uchungu inabebeshwa mtama. Mpishi akikaanga kidogo, pombe inakuwa tamu na nyepesi. Akizidisha, inanuka moshi. Wazee wanaolalamika kwamba rubisi ya siku hizi ina utamu wa soda wanasema jambo linaloweza kuelezwa kwa kuhesabu migomba.

Nani aandike

Bita ya Kiingereza iliingia katika shida ya jinsi hiyo. Katika miaka ya 1960 viwanda vikubwa viliisukuma kando na kuleta bia iliyochujwa, isiyo na chachu hai, isiyohitaji mtunza pipa mwenye ulimi. Mwaka 1971 Waingereza wanne wakiwa mapumzikoni Ireland walianzisha kampeni ya kuitetea bia ya pipa, iliyokuja kujulikana kama CAMRA, na kuanzia 1978 wakawa wanatangaza bia bora ya mwaka. Marekani, mwaka 1985, waamuzi wa bia za nyumbani wakaunda chombo chao, BJCP, chenye karatasi ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, na 10 za jumla.

Ukiilinganisha karatasi hiyo na anachofanya mzee wa Kitendaguro, mpangilio unakaribiana: pua na jicho kabla ya mdomo, na ladha kubeba uzito mkubwa kuliko vyote. Mzee anaongeza sikio, maana rubisi hujieleza kwa mchemko. Hakuna lolote katika hukumu yake lisiloweza kuandikwa: aina za ndizi zilizotumika, siku za kuvundika, kiwango cha kukaanga mtama, saa tangu kuchachushwa, uwiano wa utamu, uchachu na ukakasi. Kwa kuwa hayo hayajaandikwa, kijana aliyekulia kwenye kisubi hana mahali pa kujifunza kwamba kuna kinachokosekana.

Tofauti iliyopo ni ya msingi. Mwamuzi wa mashindano hupewa bia bila kujua ameipika nani, ili asipendelee. Mwamuzi wa Buhaya alijua mpishi siku zote, kwa sababu mpishi alikuwa amekaa mbele yake na ameshakunywa. Utaratibu wa kwanza unalinda haki ya mpishi, wa pili unalinda mwili wa mnywaji. Pombe inayouzwa leo kwa madumu kilabuni mara nyingi imekosa yote mawili: mnywaji hamjui mpishi, na mpishi hanywi. Maabara ya viwango haiwezi kufika kwenye kila mtumbwi wa Kagera, na leseni haisemi chochote juu ya kilichomo kwenye dumu. Lakini kanuni ya anayetoa kunywa kwanza haihitaji maabara wala ada, na kila mnunuzi wa kilabuni anaweza kuidai kesho asubuhi kabla ya kutoa fedha yake.